Maikroinveta kwa Paa la Timbwani: Jinsi ya Kujua Ipi Hufungika kwa Urahisi

Muuzaji akikwambia maikroinveta yake ni rahisi kufunga, muulize swali moja kabla hujatoa pesa: na kuitoa je? Maikroinveta ni inveta ndogo inayokaa juu ya paa, chini ya paneli, ikigeuza stima ya DC kuwa AC ya nyumbani huko huko juu. Kwa sababu hiyo kazi yote ya kuifunga, kuikagua na kuibadilisha hufanyika juani, juu ya bati, mikono ikiwa chini ya paneli yenye uzito wa karibu kilo 28. Kazi hiyo ikiwa ngumu kupita kiasi, haitafanywa, na mfumo utakufa nusu nusu bila mtu kupanda kuutazama.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa Timbwani, huku Likoni, Mombasa, na wa fundi atakayemfanyia kazi. Unalinganisha aina nne zinazojulikana sana duniani, yaani Enphase, Hoymiles, APsystems na Deye, kwa kipimo kimoja: ni kazi kiasi gani kuifunga kwenye paa la Likoni, na ni kazi kiasi gani kurudi baada ya miaka kadhaa kutoa iliyokufa na kuweka nyingine.

Kwa nini zinafaa mapaa yetu

Nyumba nyingi za kwetu hazina paa moja pana lililoelekea upande mmoja. Kuna bati la pande nne, kuna slabu yenye tangi la maji katikati, kuna mnazi wa jirani, kuna ghorofa iliyoinuka juzi na sasa inaziba jua la alasiri. Kwenye inveta ya kawaida ya ukutani, paneli huungwa kwa mfululizo, na kivuli kikiangukia paneli moja kinaweza kuvuta chini kazi ya mfululizo mzima. Kwa maikroinveta kila paneli hujitegemea. Iliyo kivulini hupoteza sehemu yake, nyingine zinaendelea. Ni vivyo hivyo kwa kinyesi cha kunguru, ambacho kila mwenye paa Mombasa anakijua.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka huegemea kaskazini, na Disemba huegemea kusini. Kwa hivyo pande zote za paa hupata jua la maana, na maikroinveta hukuruhusu kuzitumia zote bila kuogopa kwamba upande mmoja utauharibia mwingine.

Kuna pia usalama wa fundi. Paneli zilizoungwa kwa mfululizo hubeba volti mia kadhaa za DC juu ya paa, na jua likiwaka huwezi kuzizima. Maikroinveta nyingi hupokea chini ya volti 60 kwa kila paneli. Stima ya AC inayoteremka kutoka juu ni ya volti 240, ile ile ambayo fundi wa nyumba ameizoea, na huzimwa kwa breka.

Mambo ya kumaliza kabla ya kununua

*Stima ikipotea.* Maikroinveta za kawaida huzima zenyewe ndani ya sekunde chache gridi inapokatika, ili zisimpige shoti fundi wa Kenya Power aliye juu ya mlingoti. Hazitakuwashia hata taa moja saa sita mchana wakati mtaa hauna stima. Ukitaka kinga dhidi ya kukatika kwa stima, utahitaji inveta ya haibridi yenye betri, kisha maikroinveta ziungwe upande wake. Baadhi ya haibridi, zikiwemo za Deye, zina mlango unaoweza kuwekwa kupokea maikroinveta. Betri ikijaa, haibridi hupandisha masafa ya stima kidogo ili maikroinveta zipunguze kazi. Hapo jumla ya nguvu ya maikroinveta isizidi nguvu ya haibridi. Enphase IQ8 zinaweza kuendesha nyumba mchana bila gridi, lakini kwa kuongeza kidhibiti maalumu cha mfumo, na hapo ule urahisi ulioambiwa dukani unabadilika kabisa.

*Mita.* Mita nyingi za tokeni hazikutengenezwa kuhesabu stima inayotoka nyumbani. Stima ikitoka, mita inaweza kuihesabu kana kwamba umeitumia, ikala tokeni zako, ama ikajifunga. Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu utaratibu wa kupeleka stima kwenye gridi na kuhesabiwa, na kanuni zake zikatolewa 2024. Unaomba kwa Kenya Power, unawekewa mita inayosoma pande zote mbili, na kwa kila yuniti mbili unazopeleka unahesabiwa moja. Bila mkataba huo, mfumo uwekwe usitoe kitu nje: kifaa cha kupima hufungwa kwenye waya mkuu wa mita na kuziamuru maikroinveta zipunguze. Hakikisha aina unayonunua inaweza kazi hiyo, na kwamba kifaa hicho kimo kwenye bei uliyotajiwa.

*Fundi.* Kwa kanuni za sola za 2012, mafundi hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, kwa madaraja ya T1, T2 na T3. Mfumo unaoungwa na gridi ni kazi ya T3. Muombe fundi akuonyeshe leseni yake. Fundi mzuri haoni vibaya kuulizwa.

*Zawadi ya ng'ambo.* Ndugu akitaka kukutumia maikroinveta kutoka Marekani ama Saudia, mwambie asubiri. Huko stima ni ya Hz 60, kwetu ni Hz 50, na maikroinveta iliyowekwa kwa Hz 60 haitakubali kuungana na stima ya Kenya Power. Oman na Imarati hutumia Hz 50, lakini hata za huko lazima ziangaliwe zimewekwa kwa kanuni za gridi ipi.

Pima urahisi mahali panne

Usilinganishe maikroinveta kwa picha za katalogi. Zilinganishe mahali panne ambapo fundi atatia mkono.

*Mahali pa kwanza: chini ya paneli.* Hapa uliza maikroinveta moja hubeba paneli ngapi. Enphase ni moja kwa kila paneli. APsystems DS3 na Hoymiles HM-800 hubeba mbili. Hoymiles HM-1500 hubeba nne. Kwa paneli nane, hiyo ni maikroinveta nane, nne ama mbili za kufunga. Za Enphase zina uzito wa karibu kilo 1 na fundi mmoja huzifunga kwa mkono mmoja. DS3 inakaribia kilo 2.6 na HM-1500 hukaribia kilo 4.

Ukihesabu maikroinveta tu, utadhani ya paneli nne ndiyo rahisi zaidi. Sasa hesabu waya za paneli. Paneli ya wati 550 huwa na urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Zikipangwa nne kwa safu, waya za paneli za pembeni mara nyingi hazifiki kwenye maikroinveta iliyo katikati. Itabidi fundi atengeneze waya za kurefusha na kubana konekta za MC4 juu ya paa. Kila konekta iliyobanwa kwa mkono ni mahali pengine pa maji kuingia, na konekta mbili za kampuni tofauti hazifai kuunganishwa hata zikiingiana, kwa sababu zinaweza kupata moto na kuungua. Ya paneli mbili hukaa katikati ya paneli zake na waya hufika zenyewe. Ya paneli moja haina tatizo hilo kabisa.

*Mahali pa pili: kwenye kebo ya AC.* Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kebo kuu inayolazwa kwenye reli, ikiwa na matawi ambayo kila maikroinveta huchomekwa. Hivyo ndivyo zilivyo Enphase na APsystems DS3. Ya pili ni mnyororo: kila maikroinveta ina kebo dume na kebo jike, na moja huchomekwa kwenye nyingine. Kwa Hoymiles utakuta njia zote mbili kutegemea modeli, kwa hivyo fungua mwongozo wa modeli yenyewe.

Mnyororo ni wa haraka siku ya kufunga, hauna kebo ya ziada ya kununua. Ubaya wake unaonekana baadaye: ukitoa ya katikati, zilizo nyuma yake zote hukatika hadi uweke nyingine ama kebo ya kuziba pengo. Kebo kuu huchukua muda zaidi kupanga, lakini iliyokufa huchomolewa peke yake, tawi lake likazibwa kwa kifuniko, na nyingine zikaendelea.

Kebo kuu pia ina vipimo. Kebo ya Enphase ya aina ya Q kwa soko la kimataifa huja na matawi kila baada ya mita 1.3 kwa paneli zilizosimamishwa, ama mita 2.0 na 2.3 kwa zilizolazwa. Paneli ya mita 2.28 ukiilaza kwenye kebo ya mita 2.0, tawi halitafika. Kosa hili hugunduliwa fundi akiwa tayari juu, kebo imeshakatwa. Pima paneli kwanza, ndipo uagize kebo.

*Mahali pa tatu: kwenye kisanduku cha breka.* Hapa aina zote hukaribiana. Kila tawi la maikroinveta linataka breka yake yenyewe, waya wa athi uliounganishwa na reli zote, na kinga ya mshtuko wa stima. Chukua mfano wa paneli nane kwenye HM-1500 mbili. Jumla ni VA 3,000, ambayo kwa volti 240 ni ampea 12.5. Breka ya ampea 20 inatosha bila kuchoka.

Unene wa waya usiufanyie ubahili. Kwa mita 20 kutoka paa hadi kisanduku, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba huongeza volti karibu 3.7 kwa mzigo huo. Wa milimita 4 huongeza karibu 2.3. Kwetu volti hizo si ndogo. Kenya Power hutoa volti 240, na inaruhusiwa kupanda ama kushuka asilimia 6, yaani hadi karibu 254. Maikroinveta nyingi huja zikiwa na kanuni za Ulaya, ambako kiwango ni 230, na hukata zikiona wastani unapita 253. Nyumba iliyo karibu na transfoma, yenye waya mwembamba kutoka paani, maikroinveta zake zitakuwa zikijizima saa sita mchana ingawa hazina kosa lolote. Mwenye nyumba atamlaumu muuzaji, muuzaji atamlaumu fundi, na kumbe ni unene wa waya na kanuni ya gridi isiyobadilishwa.

*Mahali pa nne: kwenye simu.* Maikroinveta lazima isajiliwe, iwekewe kanuni ya gridi, na ionekane. Hapa aina hizi zinatofautiana sana. Enphase hutuma habari kupitia waya wa stima wenyewe hadi kwenye kifaa chake cha mawasiliano kilicho karibu na kisanduku, kwa hivyo kuta hazizuii, ila vifaa vya nyumbani vinavyochafua stima vinaweza kuisumbua. Hoymiles hutumia redio hadi kifaa kinachoitwa DTU. Za HM ni redio ya GHz 2.4, za HMS ni masafa ya chini ambayo hupenya kuta vizuri zaidi. APsystems DS3 hutumia redio ya ZigBee hadi kifaa chake cha ECU. Deye na Hoymiles HMS-800W-2T zina waifai ndani yake, hazihitaji kifaa cha pembeni.

Waifai ya ndani inaonekana rahisi kuliko zote, na ni rahisi kweli kwa nyumba ya bati ya chini. Kwa ghorofa yenye slabu mbili za zege kati ya paa na ruta, mawimbi hayatapenya vizuri. Kabla ya kununua, panda paani na simu yako, simama mahali maikroinveta zitakapokaa, na uangalie waifai ya nyumbani inasoma kiasi gani. Ikiwa simu inatafuta, maikroinveta nayo itatafuta.

Aina nne kwa mtazamo wa fundi

*Enphase.* Ndiyo iliyopangika zaidi kwa fundi anayefuata maelekezo. Nyepesi, haina waya za kurefusha, kebo yake imepangwa, na hutolewa moja moja. Ugumu wake ni wingi wa vipande: maikroinveta nane, matawi nane, kifuniko cha mwisho, na kifaa maalumu cha kufungulia konekta. Kipande kimoja kikikosekana kazi imesimama, na kukipata ni kuvuka feri kwenda kisiwani ama kuagiza mbali. Tena angalia nguvu: modeli ya IQ8HC hutoa karibu VA 380, chini ya paneli ya wati 550. Hata hivyo paneli yenyewe ikipata joto la nyuzi 65 juu ya bati letu hupoteza karibu asilimia 14, ikabaki na wati kama 473, kwa hivyo hasara ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

*Hoymiles.* Ina chaguo nyingi, za paneli moja, mbili na nne. HM-1500 hugawia kila paneli VA 375, HMS-2000-4T hugawia 500. Ya paneli mbili ndiyo hukaa vizuri kwenye paa dogo. Ukitaka mfumo usitoe stima nje, uliza kuhusu DTU-Pro na mita yake, si DTU yoyote ile.

*APsystems.* DS3 huunganisha paneli mbili na hutoa hadi VA 880, yaani 440 kwa paneli, juu ya kebo kuu yenye matawi. Kwa fundi ni kazi ya kati na kati: maikroinveta chache kuliko Enphase, na kuzitoa ni rahisi kuliko mnyororo. Kampuni hiyo ina pia EZ1, ya paneli mbili, iliyotengenezwa kuchomekwa kwenye soketi kwa ajili ya roshani za Ulaya. Ujerumani inaruhusu mifumo ya namna hiyo hadi VA 800 tangu 2024. Usiichukue ruhusa hiyo ukaileta Likoni. Hapa chochote kinachosukuma stima kwenye waya za nyumba kinahitaji breka yake, fundi mwenye leseni na mita inayokubali.

*Deye.* Huwa na waifai ndani na kazi ya simu ni fupi. Lakini 2023 ilibainika Ujerumani kwamba baadhi ya maikroinveta zake hazikuwa na relei ya usalama iliyotakiwa, na kampuni ikatoa kisanduku cha nje chenye relei hiyo. Ukiuziwa ya mtumba iliyotoka Ulaya, uliza kama ni ya kundi hilo na kama kisanduku chake kipo. Kisanduku kikiwapo, kihesabu kwenye kazi ya kufunga.

Paa lako ni la aina gani

Makuti: usifunge chochote. Moto mmoja tu kwenye konekta unatosha kuimaliza nyumba. Kama una banda la makuti na nyumba ya bati, paneli ziende kwenye bati.

Bati: reli zikazwe kwenye mbao za chini, si kwenye bati lenyewe, kwa skrubu zenye washa za mpira. Upande wa Shelly Beach bati huliwa na chumvi mapema. Bati lenye kutu libadilishwe kabla ya sola, kwa sababu kuja kuzitoa paneli zote ili kubadilisha bati ni kazi mara mbili ya kufunga.

Slabu: ndiyo rahisi kwa mikono, fundi anasimama vizuri na anafika kila mahali. Usitoboe zege lililozibwa maji bila sababu. Tumia fremu zilizolemewa kwa matofali ya zege, na zilemee vya kutosha upepo wa kusi. Ziinamishe kama nyuzi 10 ili mvua ya masika izioshe.

Vigae: kazi ni ya polepole na vigae vya zamani huvunjika. Chagua aina yenye vipande vichache vya kufunga juu, na uweke vigae vya akiba.

Chumvi, joto na kunguru

Maikroinveta zote hizi zimezibwa dhidi ya maji, nyingi kwa kiwango cha IP67. Kinachoshindwa mapema pwani ni vitu vidogo vinavyozizunguka. Bolti na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Cha 304 kitaonyesha madoa karibu na bahari. Vifungo vya plastiki vya kufungia kebo hukauka juani na kukatika, kisha kebo inalala juu ya bati na kusuguliwa na upepo hadi uchi. Tumia vibanio vya chuma vya reli. Kwa paneli, uliza kama zimepimwa kwa IEC 61701, kipimo cha ukungu wa chumvi.

Acha nafasi ya sentimita 10 ama zaidi kati ya paneli na bati ili upepo upite. Kisha ziba pembe za chini kwa wavu, kwa sababu nafasi hiyo hiyo ndiyo kunguru anaitaka kwa kiota, na kiota juu ya maikroinveta kinaizuia kupoa.

Siku ya kufunga

Anzeni alfajiri. Kufikia saa nne bati la Timbwani haligusiki, na fundi anayeungua magoti hakazi konekta vizuri.

1. Zima breka ya AC na uifunge isiweze kuwashwa na mtu mwingine nyumbani.
2. Kaza reli, unganisha waya wa athi kwenye reli zote.
3. Laza kebo ya AC. Kabla ya kila konekta, acha kebo ipinde chini kidogo ili maji ya mvua yadondoke kwenye pindo hilo badala ya kutiririka hadi kwenye konekta.
4. Funga maikroinveta, sehemu yake ya kibandiko ikitazama ulivyoelekezwa na mwongozo. Chomeka kwenye kebo hadi usikie ikibana, kisha ivute kidogo kurudi nyuma. Ikitoka, haikuwa imefunga, hata kama ilionekana hivyo.
5. Ziba mwisho wa kebo kwa kifuniko chake. Utepe wa stima hauzibi chumvi.
6. Kila maikroinveta ina vibandiko vyenye namba yake. Kibandue kimoja, kibandike kwenye karatasi yenye mchoro wa paa, mahali pale pale ilipo. Karatasi hiyo ipigwe picha, kisha iwekwe ndani ya mlango wa kisanduku cha breka.
7. Weka paneli na uunganishe waya zake za DC.
8. Washa breka. Subiri dakika moja hadi tano, maikroinveta huangalia stima ya gridi kwanza. Kisha sajili namba kwenye programu na uweke kanuni ya gridi kabla fundi hajateremsha ngazi.

Siku ya kutoa, mpangilio ni kinyume: zima AC kwanza, ndipo uchomoe DC. Kuchomoa waya wa DC unaobeba mzigo huzua cheche inayoweza kuunguza konekta na vidole.

Jaribio kabla ya kulipa salio

Kabla hujalipa salio, muombe fundi akuonyeshe jambo moja: namna ya kutoa maikroinveta ya katikati. Si lazima aitoe, akuelezee tu akiwa juu. Ataanza kulegeza paneli ipi? Atafika kwa mkono? Zingine zitabaki zikifanya kazi? Kifaa cha kufungulia konekta kiko wapi? Akikosa jibu, mpangilio wa paneli urekebishwe siku hiyo hiyo, wakati ngazi bado ipo.

Hapa ndipo idadi ya paneli kwa kila maikroinveta inapoonyesha uzito wake. Kwa paneli nane, Enphase moja ikifa umepoteza sehemu moja kati ya nane, na unaweza kungoja. DS3 moja ikifa umepoteza robo. HM-1500 moja ikifa umepoteza nusu ya sola yako siku hiyo.

Nunua maikroinveta moja ya akiba siku ile ile, uiweke ndani pamoja na kifuniko na kifaa cha kufungulia. Kampuni hubadilisha vizazi, na kebo ya kizazi kimoja inaweza isiingiliane na ya kingine: kebo za zamani za Enphase za mfululizo wa M haziungani moja kwa moja na za Q. Baada ya miaka sita huenda aina uliyonayo haipo madukani, na hapo ile moja ya akiba ndiyo itakayookoa kebo nzima. Dhamana nayo iwe kwa maandishi, ikimtaja muuzaji aliye Kenya atakayeipokea.

Chaguo langu

Kwa paa la kawaida la bati Timbwani lenye paneli sita hadi kumi, ningechukua maikroinveta ya paneli mbili yenye kebo kuu ya matawi. Inapunguza vipande vya kufunga, waya zinafika bila kurefushwa, na ikifa moja nyumba haikosi sehemu kubwa. Kwa paa lenye minazi na pande nyingi, ningelipa zaidi nichukue ya paneli moja. Ya paneli nne ningeiweka kwenye slabu isiyo na kivuli tu, ambako kuifikia ni kutembea, na ningehakikisha ya akiba ipo ndani. Mnyororo ningeukubali kwa mfumo mdogo wa paneli mbili hadi nne.

Na kama tatizo lako kubwa ni stima kupotea, anza na haibridi na betri. Maikroinveta zitakuja baadaye, mahali zitakapokuwa na kazi ya kufanya.